Muzimu wa Opera: hadithi ya sauti, filme bila sauti, na mwisho wenye ulibadilishwa

Mwanaume mwenye kuficha uso nyuma ya maski anaishi chini ya jumba la opera la Paris, na anapenda muimbaji kijana mwenye hamupendi. Hadithi hiyo inajulikana karibu dunia nzima. Wengi waliipata kupitia ule muchezo wa kuimba wenye ulianza London mwaka wa 1986, wengine kupitia filme za miaka ya nyuma-nyuma hii. Wachache ndio wanajua kama mwanzo wake ni kitabu cha mwandishi wa habari Mufaransa, tena kitabu kimepangwa namna ya anketi. Na kama filme yenye ilifanya dunia ikumbuke ile sura, filme ya Marekani ya mwaka wa 1925, The Phantom of the Opera, iligeuza mwisho wa hadithi juu watu wa kwanza kuiona hawakufurahi.

Ule mwisho ndio utatushika zaidi hapa. Katika kitabu, mutu mubaya anahurumiwa, na juu amehurumiwa anaachilia watu wenye alikuwa amefunga. Katika filme, watu wa muji wanamukimbiza na kumupiga, kisha wanamutupa katika muto. Kati ya miisho hiyo miwili kuko miaka 15 na maamuzi ya watu wenye majina yao yanajulikana.

Mwandishi wa korti anaandika habari ya muzimu

Gaston Leroux alizaliwa Paris tarehe 6 Mei 1868. Alisoma sheria, lakini kazi ya avoka haikumushika. Akaingia katika magazeti na akawa mwandishi wa kufuata kesi kwenye korti, kwanza kwa L'Écho de Paris, kisha kwa Le Matin, moja kati ya magazeti makubwa ya Ufaransa wakati ule. Le Matin lilimutuma mbali, hata Urusi wakati wa fujo za mwaka wa 1905. Alipenda michezo ya feza, na inasemekana urizi wa baba yake uliishia pale. Mwaka wa 1907 aliacha kukimbia-kimbia juu ya habari, akaanza kuishi kwa vitabu vyake.

Mwaka huohuo alitoa Le Mystère de la chambre jaune. Mwanamuke anashambuliwa ndani ya chumba chenye kimefungwa kutoka ndani, na mwenye kumushambulia haonekani popote. Wenye kupenda hadithi za mafumbo wanahesabia kitabu hicho kati ya vile vya kwanza kabisa katika aina yake. Mwenye anafumbua mambo si polisi, ni Rouletabille, reporta kijana. Sisi wa kazi hii hatutamulaumu Leroux kwa uchaguzi huo.

Kisha, kuanzia Septemba 1909 mupaka Januari 1910, gazeti Le Gaulois lilichapisha kipande kwa kipande hadithi yake nyingine, Le Fantôme de l'Opéra. Ilitoka kama kitabu mwaka wa 1910. Watu leo wanaiweka kwenye kabati ya vitabu vya woga, lakini ukifungua kurasa za kwanza utakuta sauti ya mutu wa anketi. Mwenye kusimulia anasema alitafuta katika makaratasi ya opera, alizungumuza na watu wenye waliona, alisoma kumbukumbu za wakubwa wa jumba, na alipata ushuhuda wa Mupersia mumoja mwenye alijua siri yote. Anajenga hoja kama vile mbele ya jaji: ule muzimu haukukuwa muzimu. Alikuwa mutu mwenye mwili na mifupa.

Na vitu vingi vyenye anatumia ni vya kweli. Jumba la opera lenye Charles Garnier alijenga lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875. Wakati wa kuchimba musingi walikuta maji, na chini ya jumba kuko mupaka leo tanki kubwa la saruji lenye maji; wazima-moto wa Paris wanaenda mule kujizoeza kuzama katika giza. Ziwa la chini ya udongo katika kitabu, lile lenye Erik anavuka kwa mutumbwi, limetoka pale. Tarehe 20 Mei 1896, wakati wa onyesho, chuma cha uzito chenye kushikilia ile taa kubwa ya vioo kilianguka kikaua mwanamuke mumoja kati ya watazamaji. Katika kitabu, taa nzima inaanguka.

Kitu cha tatu ndicho kinanipendeza zaidi. Tarehe 24 Desemba 1907, kulifanywa sherehe katika vyumba vya chini vya opera: disiki za gramafoni zenye sauti za waimbaji wakubwa wa wakati ule zilifungiwa ndani ya vyombo vya chuma, na agizo kwamba zisifunguliwe mbele ya miaka 100 kupita. Leroux alikamata habari hiyo. Katika kitabu chake, wafanyakazi wenye wanachimba pahali pa kuweka zile sauti wanakuta mifupa ya mutu, na anketi yote inaanzia pale.

Kwa hiyo kitabu kinaanza na sauti zenye zinazikwa, na kinaendelea vilevile kupitia masikio. Christine Daaé, musichana wa Sweden, anaimba katika opera bila kujulikana sana. Baba yake, mbele ya kufa, alimuahidi kwamba atamutumia Malaika wa Muziki. Siku moja anasikia sauti nyuma ya ukuta wa chumba chake cha kuvalia. Sauti inamufundisha kuimba, na anaamini ni yule malaika. Hajaona mutu. Raoul, kijana tajiri mwenye alimujua tangu utoto, anasikia ile sauti naye nyuma ya mulango na wivu unamushika: wivu juu ya sauti tu.

Hata pale Christine anamutoa Erik maski, musomaji hayuko ndani ya kile chumba. Christine anamusimulia Raoul kisha, juu ya paa ya opera, usiku. Tunasikia mambo ya uso kutoka kwa mutu mwenye anatetemeka.

Na Erik huyu ni nani? Leroux anamupatia maisha. Ni mutoto wa fundi wa kujenga, alizaliwa karibu na Rouen, na sura yake ilikuwa mbaya tangu tumboni. Mama yake hakukubali hata siku moja amubusu. Alionyeshwa kwenye masoko kama maiti yenye kutembea. Alienda mbali mupaka Persia, akajengea wafalme nyumba zenye mitego, akarudia Ufaransa akafanya kazi kwenye musingi wa opera, na akajiwekea pale nyumba ya siri. Ameua watu, kitabu hakifiche jambo hilo. Anateka Christine, anamufunga Raoul na Mupersia katika chumba cha mateso, na anatega baruti ya kulipua jumba lote pamoja na watu wenye wako juu wanasikiliza muziki.

Mwisho wa kitabu nao tunausikia kwa mudomo. Erik, akiwa karibu kufa, anaenda kwa Mupersia na kumuambia mambo yenye yalifanyika. Christine alikubali kuwa bibi yake ili kuokoa wengine. Erik akamubusu kwenye kipaji cha uso, na Christine hakukimbia. Walilia pamoja. Hapo nguvu zote za ubaya zilimutoka: akamurudishia uhuru, akamuacha aende na Raoul, na akaomba kitu kimoja tu, kwamba siku atakufa arudi amuzike na ile pete ya zahabu. Pete hiyo ndiyo inafanya mwenye kusimulia ajue mifupa ile ni ya nani.

Fumbo mbele ya macho

Sasa tuingie katika sinema ya wakati ule. Filme hazikukuwa na sauti. Kwenye chumba kulikuwa mupiga piano, ao orkestra nzima katika miji mikubwa, na maneno ya wachezaji yaliandikwa kwenye kitambaa katikati ya picha. Vitabu vya mafumbo vilipendwa sana na watengenezaji, lakini vilikuwa na taabu moja. Kitabu kinaweza kuficha. Kamera iko pale kwa kuonyesha.

Angalia Dr. Jekyll na Mr. Hyde. Katika kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka wa 1886, tunafuata avoka mumoja mwenye anajiuliza Hyde ni nani na juu gani daktari muheshimiwa anamulinda, na jibu linakuja karibu na mwisho. Katika filme ya mwaka wa 1920 na John Barrymore, hakuna cha kujiuliza: tunamuona akikunywa dawa na akigeuka mbele yetu, mara nyingi bila ujanja wa kamera, kwa misuli ya uso tu. Fumbo limekufa, lakini watu walilipa kuona ule uso. Wajerumani nao walichukua Dracula ya Bram Stoker, kitabu chenye kimeundwa na barua na makaratasi yenye musomaji anaunganisha polepole, wakafanya Nosferatu mwaka wa 1922 chini ya F. W. Murnau. Walibadilisha majina lakini hawakuomba ruhusa. Mujane wa Stoker aliwashitaki, na mwaka wa 1925 korti ya Ujerumani iliamuru kopi zote ziharibiwe. Tunaiona leo juu kopi zingine zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka.

Hadithi ya Leroux ilikuwa na taabu zaidi ya hizo zote. Namna gani utaonyesha mutu anapenda sauti, katika filme yenye haina sauti?

Mutoto wa wazazi viziwi

Inasimuliwa kwamba Carl Laemmle, mukubwa wa kompani Universal, alikutana na Leroux Paris mwaka wa 1922, akapewa kitabu, akakisoma usiku mumoja na kununua haki ya kukifanya filme. Kazi yenyewe ilianza mwaka wa 1924. Universal haikuenda Paris. Ilijenga sehemu ya ndani ya opera kule California, viti na balkoni zote, ndani ya jengo jipya la chuma na saruji juu mbao hazingebeba uzito wa watu wengi vile. Jengo hilo, lenye liliitwa Stage 28, lilisimama mupaka mwaka wa 2014. Vyumba vya chini vilichorwa na Ben Carré, Mufaransa mwenye alikuwa amefanya kazi kwenye opera ya kweli. Muongozaji alikuwa Rupert Julian wa New Zealand, na hakupatana na watu wake, zaidi sana na muchezaji mukubwa.

Muchezaji yule ni Lon Chaney. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 kule Colorado Springs, na baba na mama wote wawili walikuwa viziwi. Tangu utoto alizoea kusema kwa mikono na kwa uso. Watu walimuita mutu wa nyuso elfu moja, na yeye mwenyewe ndiye alijipaka na kujitengeneza. Mwaka wa 1923 alikuwa amecheza Quasimodo katika filme ya kitabu cha Victor Hugo, Notre-Dame de Paris. Kwa Erik, alifuata namna Leroux anaeleza: kichwa kama fuvu, macho yamezama katika mashimo meusi, pua haipo. Alivuta pua yake juu na kuishikilia pale, akapaka weusi ndani ya matundu na kuzunguka macho, akavaa meno mabaya. Watu wanabishana mupaka leo kama alitumia waya ao kitu kingine. Universal ilikataza picha za uso huo zisitoke kwenye magazeti mbele ya filme.

Sene ya kutoa maski inastahili kuangaliwa polepole. Erik anakaa kwenye kinanda, anapiga, ametugeukia sisi. Christine anakuja kutoka nyuma. Mukono wake unafika, unarudi, unafika tena. Anavuta. Na hapa iko akili ya sene yote: Christine iko nyuma yake, hajaona kitu. Ni sisi wenye tunaona kwanza. Mudomo wa Erik unafunguka, tunaelewa anapiga kelele yenye hatuisikie, na kisha tu anageuka kwa Christine, na tunaona yeye naye anaona. Leroux alikuwa ametuweka mbali na ule uso, juu ya paa, na maneno ya Christine katikati yetu na yeye. Filme inautia moja kwa moja mbele ya macho yetu.

Ndiyo jibu la lile ulizo la sauti. Filme haikuweza kutupatia sauti, basi ilitupatia kivuli kwenye ukuta, mukono, mugongo, maski, kisha uso. Ni kazi kubwa na ya kupendeza, sina shaka. Lakini ukichukua mutu mwenye watu walimujua kwa sauti ukamufanya mutu mwenye wanamujua kwa uso, umegeuza pia namna watu watamuhukumu.

Wenye waliona kwanza walikataa

Mwisho wenye ulipigwa picha kwanza ulikuwa karibu na wa kitabu: Christine anaonyesha huruma, Erik anamuacha aende, na anakufa kwa huzuni karibu na kinanda chake. Januari 1925 filme ilionyeshwa kule Los Angeles kwa kupima, na watu hawakuipenda. Universal ikaamua irekebishwe, na kazi ikatoka mikononi mwa Julian. Edward Sedgwick, muongozaji mwenye alizoea filme za kuchekesha na za wapanda farasi, akaongeza sene mingi. Wakaingiza hata wachezaji wa kuchekesha. Mwezi wa Aprili walionyesha kule San Francisco, na pale tena mambo yakaenda vibaya. Ndipo Maurice Pivar na Lois Weber, huyu wa mwisho akiwa kati ya wanawake wa kwanza kuongoza filme kubwa kule Marekani, walikata na kuunganisha upya. Vichekesho vingi viliondolewa. Tarehe 6 Septemba 1925 filme ilifunguliwa New York, kwenye Astor Theatre.

Kitu kimoja cha Sedgwick kilibaki: mwisho. Katika mwisho huo, watu wanashuka katika giza la chini na mienge mikononi. Mwenye kuwaongoza ni ndugu ya mufanyakazi mwenye alikutwa amenyongwa, kwa hiyo hasira yao ina musingi, filme haisemi kwamba ni wajinga. Erik anakimbia na Christine katika gari la farasi. Kisha anabaki peke yake, kwa miguu, anapita mbele ya kanisa la Notre-Dame (ni ukuta uleule wenye ulijengwa kwa filme ya Quasimodo) mupaka kwenye muto Seine. Pale anazungukwa. Anainua mukono umefungwa, kama vile ameshika kitu cha kulipuka. Kundi linarudi nyuma. Anafungua vidole kimoja kwa kimoja: hakuna kitu. Anacheka. Wanamurukia, wanamupiga, na mwili unaenda katika maji.

Sene ile ya mukono mutupu ni ya kusisimua kuliko zingine zote za mwisho, hata mwenye hapendi mwisho wenyewe atakubali. Lakini tuseme wazi kitu chenye kilifanyika. Katika kitabu, mutu mwenye ameua anasimamishwa na mutu mumoja mwenye hakukimbia uso wake. Katika filme anasimamishwa na kundi, bila jaji wala polisi. Mambo hayo huku kwetu yana jina, justisi populere, na wasikilizaji wa redio hii hawahitaji kuelezwa namna inafanyika. Chumba cha sinema cha mwaka wa 1925 kilishangilia kile.

Na ili kundi lishangiliwe, ilibidi Erik abadilishwe tangu mbele. Maisha yenye Leroux alimupatia, mama, masoko, Persia, yote yameondoka. Pahali pake filme inatuonyesha karata moja ya polisi: Erik ni mwendawazimu mubaya mwenye alitoroka kutoka kisiwa cha wafungwa, Île du Diable. Mustari muchache, na huruma imefungwa mulango. Yule Mupersia naye alipotea kwa namna ya ajabu. Arthur Edmund Carewe alimucheza kama Mupersia, na kofia yake ya kigeni kichwani. Kisha, wakati wa kuunganisha filme, waliandika upya maneno ya kwenye kitambaa na wakamuita Ledoux, mutu wa polisi ya siri ya Ufaransa. Kofia ilibaki kichwani. Katika kitabu, yule mugeni ndiye alikuwa anajua Erik, alimuogopa na bado alikuwa anamuhurumia. Yeye ndiye alipokea maneno yake ya mwisho. Polisi wa filme hana kazi hiyo.

Kuna mutu atasema sinema bila sauti haikuwa na njia nyingine, kundi lenye kukimbia linaonekana vizuri kuliko mutu mwenye analia. Sikubali kabisa. Miaka miwili kisha, mwaka wa 1927, Uingereza ilitoa The Lodger ya Alfred Hitchcock, kutoka kitabu cha Marie Belloc Lowndes cha mwaka wa 1913 juu ya mupangaji mwenye wenye nyumba wanashuku kama ndiye anaua wanawake London. Pale pia kundi linakimbiza mutu usiku. Anajaribu kuruka uzio wa chuma, pingu zake zinashikwa juu, anabaki ananing'inia na watu wanamupiga. Lakini wakati uleule habari inafika kwamba muuaji wa kweli amekwisha kushikwa. Mupangaji hana kosa. Ni kweli kwamba pale pia biashara ilisukuma: Ivor Novello alikuwa nyota mwenye kupendwa sana, na kompani haikutaka awe muuaji, hata kama kitabu kilimuelekeza upande huo. Basi kila pahali kitabu kiligeuzwa. Ila Hitchcock alituacha tuone kundi kutoka upande wa mwenye kupigwa, bila neno moja kusikika.

Kopi zenye zimebaki

Filme yenyewe iko karibu ipotee. Filme za wakati ule zilikuwa za nitrate, kitu chenye kuwaka haraka na kuoza, na kompani hazikuona faida ya kuziweka wakati sauti ilifika. Mwaka wa 1948 Universal iliharibu zile filme zake bila sauti zenye zilikuwa zinabaki. Utafiti wenye Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba, kati ya karibu filme ndefu 11,000 bila sauti za Marekani, ni asilimia 14 tu zenye zimebaki katika hali yake ya kwanza.

Ile ya Chaney iliokoka kwa njia mbili. Toleo la 1925 lilibaki kwenye kopi ndogo za milimita 16 zenye ziliuzwa kwa watu wa kuonyesha filme nyumbani. Picha zake ni hafifu. Kopi nzuri yenye kuonyeshwa mara nyingi leo ni ingine, iko kwenye makumbusho ya George Eastman kule Rochester, na imetoka kwa kazi ya mwaka wa 1929, wakati Universal ilipanga filme upya. Ndiyo maana ukilinganisha kopi mbili utakuta sene zimefuatana tofauti, na wengine wanabishana bila kujua kila mumoja anazungumuzia kopi yake. Sene ya karamu ya maski, na Erik katika mavazi mekundu ya Kifo, ilipigwa kwa rangi ya kwanza-kwanza ya Technicolor.

Ile kazi ya mwaka wa 1929 ilikuwa kwa kuongeza sauti. Mary Philbin, mwenye anacheza Christine, na Norman Kerry, mwenye anacheza Raoul, walirudi studio wakasema maneno yao, na toleo lile likatoka mwaka wa 1930. Lon Chaney hakurudi. Alikuwa na mukataba na kompani ingine, MGM, na sauti yake haikuruhusiwa kutumika. Alikufa tarehe 26 Agosti 1930, kwa kansa ya mapafu, kisha kusema katika filme moja tu. Picha za lile toleo la sauti zimepotea. Disiki zake ndizo zimebaki. Na mwisho wa kwanza, ule wa kinanda, hakuna kipande chake chenye kinajulikana.

Kwa mwenye kutaka kuiona: Universal haikurudilia kuandikisha haki zake mwaka wa 1953, kwa hiyo kule Marekani filme ni ya watu wote, na inapatikana bure kwenye intaneti. Tangu mwaka wa 1998 iko pia katika orodha ya filme zenye serikali ya Marekani inalinda. Kopi ya wazi inaenda karibu saa moja na nusu, kwa hiyo uangalie megabaiti zako mbele ya kuanza. Kitabu cha Leroux kiko bure pia kwa Kifaransa. Muziki wenye utasikia kwenye filme haukutoka mwaka wa 1925, kila mwenye kutoa kopi anaweka wake, na mingine haiendane kabisa na picha. Ukikuta wa namna hiyo, zima sauti.